Wadogo zangu mnaoanza kuigiza, kaeni na habari hii ya Alan Rickman

Mara ya kwanza kumuona Alan Rickman nilikuwa nimekaa kwenye benchi la banda la video Temeke, muvi ni Die Hard, na wote mle ndani tulikuwa tumelipia kumuona stelingi, Bruce Willis. Ila nilipotoka nje kichwani nilikuwa na yule jambazi. Jamaa katulia, kavaa suti, ndevu zimechongwa, anaongea taratibu kama mtu anayeagiza chai hotelini na mateka wote wanatetemeka. Jina lake sikulijua. Sikujua pia kwamba ile ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza ya sinema, na kwamba anaicheza keshavuka miaka 40.

Nawaandikia nyie mlioanza mazoezi mwaka huu, na hasa wale ambao kila tukimaliza mnanifuata pembeni kuniuliza kama mmechelewa. Mna 24, mna 27, kuna dada mmoja ana 33 na watoto wawili, na wote swali ni lile lile. Mi mwenyewe nimeanza nikiwa na 29, kabla ya hapo nilikuwa mchora mabango, yaani maduka, saluni, vioo vya daladala, kuta za gereji, popote palipotakiwa maandishi. Sa badala ya kumjibu kila mtu peke yake nataka nitulie niwaelezee maisha ya huyu mzee, manake mimi yamenisaidia sana, na ya kwangu nitayachanganya humo humo.

Nianze na ile suti.

Rickman mwenyewe alishasimulia kwamba alipopata ile kazi alimwachia prodyuza, Joel Silver, kikaratasi, akiuliza isingependeza zaidi huyu jambazi wake, Hans Gruber, akivaa suti badala ya yale magwanda ya kigaidi, kwa sababu akiwa na suti anaweza akakutana na stelingi akajifanya na yeye ni mmoja wa mateka. Jibu la kwanza lilikuwa kali, atavaa anachoambiwa avae. Akarudi zake Uingereza. Aliporudi Marekani kushuti akapewa skripti mpya, na ile sini imo. Kama umeiangalia unaijua, wanakutana kule juu ghorofani, Gruber anabadilisha lafudhi palepale anakuwa Mmarekani mwoga anayejiita Bill Clay, McClane, yaani stelingi mwenyewe, anampa sigara, baadae anampa na bastola, na bastola yenyewe haina risasi. Mpaka leo ukiniuliza ni sehemu gani ya ile muvi ningeichukua nikaifundishe, ni hiyo, watu wawili wanaongea tu na moyo unakwenda mbio kuliko milipuko yote.

Fikirieni lakini. Mtu ndo muvi yake ya kwanza, hana jina kule Hollywood, na anachokiona kwenye skripti ni nguo. Kwa nini aone nguo? Kwa sababu kabla hajawa muigizaji alikuwa mtu wa dizaini, macho yake yalishafundishwa kuona mtu anavyoonekana kabla hajafungua mdomo.

Alizaliwa 1946 Acton, magharibi mwa London, familia ya watu wa kazi za mikono. Baba yake alikuwa mtu wa kiwandani na fundi rangi wa nyumba, akafariki kwa kansa ya mapafu Alan akiwa na miaka 8 tu, mama akabaki na watoto 4. Kijana alikuwa anafanya vizuri darasani akapata ufadhili wa kusoma Latymer Upper, shule nzuri, na huko ndo akaonja kuigiza. Ila alipomaliza hakwenda kusomea kuigiza. Akaenda Chelsea kusoma mambo ya grafiki, 1965 mpaka 1968, halafu Royal College of Art, baadae yeye na rafiki zake wakafungua ofisi yao ya dizaini. Ofisi ipo, fani anayo mkononi, halafu mtu ana miaka 26 anakaa anaandika barua kuomba afanyiwe usaili RADA, chuo cha uigizaji pale London. Wakamkubali, akaingia 1972.

Miaka 26 anaingia darasani na watoto waliotoka sekondari juzi. Kwa hiyo wewe wa 27 ukija kuniambia umechelewa, nakusikia, lakini sikubali.

Sasa hapa ndo penye jambo ambalo nataka mlishike, ile kazi uliyokuwa unafanya zamani usiiache mlangoni kama ndala. Mi miaka yangu ya mabango nilikuwa naionea aibu mwanzoni, nilikuwa naona wenzangu wametoka chuo Bagamoyo wanajua maneno yote ya fani na mi najua kuchanganya rangi ya mafuta na tina. Ikanichukua miaka kugundua kwamba kuna kitu nilikuwa nakijua wao hawakijui. Ukichora bango la duka, anayeanza anahangaika na herufi. Anaipamba A, anaipamba R, anaitilia kivuli. Mchoraji aliyekomaa anahangaika na nafasi kati ya herufi na herufi, manake ukiibana sana hakuna atakayesoma akiwa kwenye daladala, ukiiachia sana neno linavunjika. Na nafasi hupimi kwa rula, L na A zikikaa pamoja zinaacha shimo kubwa kuliko H na I, kwa hiyo unarudi nyuma hatua tano sita, unafumba jicho moja, unaangalia, unarudi unasogeza. Sa msikilize Rickman akiongea, popote, muvi yoyote. Anavyoacha nafasi kati ya neno na neno. Wengi wanasema ni sauti yake, ni nzito, ni ya velveti, mi nasikia mtu anayejua kupanga nafasi. Siwezi kudai kwamba alijifunza pale Chelsea, ila mi nilipomsikia kwa sikio la mchora mabango nikaelewa kimya kinawekwa wapi, na tangu siku hiyo naandika skripti yangu upya kwa mkono na naacha mapengo kwenye karatasi pale ninapotaka kunyamaza.

Wewe uliyekuwa kondakta una sauti ya kupenya kelele na unajua kusoma uso wa abiria asiyetaka kulipa. Wewe nesi unajua mtu mwenye maumivu ya kweli hapigi kelele vile wanavyopiga kwenye tamthilia. Dada wa mama lishe unajua mikono ya mtu mwenye haraka inavyofanya kazi huku mdomo unaongea mambo mengine. Hivyo vitu havifundishwi, njoo navyo.

Na kuhusu hela niseme mapema kwa sababu najua ndo kinachowauma. Rickman alipokuwa chuoni alikuwa bado anafanya dizaini za vibarua, na pia alikuwa anafanya kazi ya kuwavalisha nguo waigizaji wakubwa nyuma ya jukwaa, Nigel Hawthorne na Ralph Richardson. Kwa hiyo msiache kazi zenu kwa mbwembwe eti mnafuata ndoto. Mi nimechora mabango miaka 6 baada ya kuanza kuigiza, mchana niko juu ya ngazi, jioni niko mazoezini na rangi kwenye kucha.

Ila hiyo kazi ya kuvalisha ngoja niikalie kidogo, kwa sababu na mimi nimeifanya na ndo iliyonifundisha kuliko darasa lolote. Mwaka wangu wa kwanza sikupangwa kwenye mchezo wowote. Nikapewa kazi ya kumshikia nguo mzee mmoja wa kundi letu, alikuwa anacheza tajiri anayefilisika. Akimaliza sini ya pili anatoka kwa upande wa kushoto, gizani, na ana sekunde kama 40 hivi kutoka kwenye kanzu kuingia kwenye koti. Vifungo viwili vya juu naviacha wazi, mkono wa kulia unaingia kwanza kwa sababu bega la kulia lilikuwa linamsumbua na lilikuwa halitaki kuzunguka nyuma, viatu nishavilegeza kamba. Kila usiku nafanya hivyo hivyo, na kila usiku yule mzee wakati namvalisha alikuwa kainamisha kichwa upande, macho kafumba. Nikadhani anakumbuka mistari. Siku moja tulimaliza mapema nikamnong'oneza, "Mzee, muda bado upo." Akaniwekea kidole mdomoni. Baada ya shoo akaniita akaniambia, mwanangu mi pale huwa nasikiliza wanaongea nini jukwaani na leo wanaliongeaje, kwa sababu nikiingia nataka niingie kwenye mazungumzo yao, sitaki niingie kwenye mistari yangu.

Nililia siku ile, sioni haya kusema. Mistari yote ya mchezo mzima nilikuwa naijua, ya wote, na bado nilikuwa sijausikiliza mchezo hata siku moja.

Ndo maana nikisoma kwamba Rickman alikuwa anawashikia nguo kina Richardson kila jioni, mi sioni mtu anayetafuta nauli tu. Naona mtu aliyesimama gizani pembeni ya jukwaa usiku baada ya usiku anamsikia bingwa akisema maneno yale yale kwa namna tofauti. Mkipewa kazi ya kushika nguo, kupanga viti, kufagia ukumbi, ifanyeni na masikio wazi.

Tuje kwenye sauti. Watu wanamuenzi kwa sauti na wachache wanajua kwamba ilikuwa shida yake. Tangu utoto taya lake la chini lilikuwa halichezi vizuri, na alisimulia kwamba mwalimu wa sauti chuoni alimwambia anasikika kama sauti inatokea mwisho wa bomba la kutolea maji. Hakwenda kutafuta sauti ya mtu mwingine. Akafanya kazi na hiyo hiyo mpaka ikawa inatambulika dunia nzima ndani ya sekunde mbili. Sa nyie kila mwaka wanakuja vijana wanaongea kama fulani wa kwenye tamthilia, wasichana wanabana pua, wavulana wanakaza koo ili wasikike wababe, na wiki ya tatu koo limekufa. Acheni. Mi nilikuwa nameza mwisho wa sentensi, neno la mwisho lilikuwa halifiki mstari wa nne wa viti. Dawa yangu ilikuwa gazeti, kila asubuhi ukurasa mmoja kwa sauti, nimesimama, mkono tumboni nione pumzi inaingia chini na siyo mabegani, na neno la mwisho la kila sentensi nalipa uzito sawa na la kwanza. Miezi 4 hivi. Hamna siri nyingine, na msinywe maji ya baridi kabla ya kupanda jukwaani.

Baada ya kumaliza RADA 1974 hakuwa staa. Hapa ndo wengi wenu mtachoka kwa hiyo someni taratibu. Alizunguka kwenye kumbi za mikoani, Manchester, Leicester, Sheffield, Birmingham, michezo ambayo sasa hivi hakuna anayeikumbuka. 1978 akaingia Royal Shakespeare Company, kundi ambalo kila muigizaji wa Uingereza anaota kuingia, na hakufurahia, mwaka uliofuata akaondoka. Mtu anaacha sehemu ambayo wenzake wanaililia kwa sababu anaona haikuzi kazi yake! Halafu 1982 BBC wakamchukua kwenye tamthilia ya The Barchester Chronicles akacheza kasisi mmoja mnafiki anayeitwa Slope, ndo watu wakaanza kuulizana huyu nani. Akarudi tena Royal Shakespeare Company, na 1985 kwenye ukumbi wao mdogo kabisa pale Stratford, The Other Place, akacheza Valmont kwenye Les Liaisons Dangereuses, mchezo wa Christopher Hampton, yeye na Lindsay Duncan. Ukumbi mdogo, mtazamaji yuko karibu unaweza kumgusa. Mchezo ukalipuka, ukahamia London, na 1987 ukaenda Broadway kule New York, akateuliwa kugombea tuzo ya Tony. Wale wa Die Hard walimuona huko.

Hesabuni wenyewe, kutoka 1974 mpaka 1985 ni miaka 11.

Na sikilizeni kilichofuata kwa sababu kinauma. Ule mchezo ukatengenezwa muvi, ikatoka 1988, na Valmont akapewa John Malkovich. Mtu aliyemtengeneza yule mhusika kwa mwili wake, amemcheza usiku baada ya usiku miaka 2 Stratford, London na New York, anakaa pembeni. Mi nimepitia jambo dogo linalofanana na hilo. Tulicheza mchezo mmoja misimu mitatu, mimi ndo baba wa familia, ikaja habari ya kurekodiwa kwa ajili ya televisheni, tukafurahi, tukapigwa picha, na wiki moja kabla ya kushuti nikaambiwa nafasi yangu kapewa kijana mwenye wafuasi wengi. Nilikaa ndani siku 3 sitaki kuonana na mtu. Mke wangu ndo aliyenitoa, akaniambia kuna duka la dawa wanataka bango nenda kapande ngazi. Sina la kuwaambia la kuondoa yale maumivu, hayaondoki, ila mwaka ule ule Rickman alionekana dunia nzima na suti yake kwa sababu ya kazi ile ile ya jukwaani ambayo muvi yake walimnyima. Kazi iliyofanywa vizuri ukumbini kuna watu walishaiona, huwezi kujua nani alikaa siti ya nyuma.

Ile sini ya mwisho ya Gruber anaanguka kutoka ghorofani mnaikumbuka, uso unavyobadilika. Walimdondosha kweli, mgongo chini, kwenye begi kubwa la hewa, na inasimuliwa kwamba walimwambia watahesabu mpaka 3 halafu wakamwachia kabla hesabu haijafika. Kwa hiyo ule mshtuko ni wa kweli. Mi kama mwalimu sipendi, naweka wazi, mtu asidanganywe na watu aliowakabidhi mgongo wake, na nyie mkija kuwa madairekta msifanye hivyo. Lakini uangalieni ule uso mara nyingi. Hakuna "kuigiza" mle, hakuna mdomo wazi wala mikono hewani, macho tu yamegundua kitu. Mkitaka kujua hofu inakaaje usoni, inakaa pale.

Kuhusu Robin Hood ya 1991 nisipoteze muda sana, alicheza yule sherifu wa Nottingham akapata BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza, ila kuna kitu kimoja kizuri. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba mistari ya skripti haikumridhisha, akaichukua akaenda kukaa na rafiki zake kwenye mgahawa wa piza, Ruby Wax na mwandishi wa michezo Peter Barnes, wakaitengeneza pamoja. Muwe na watu wa namna hiyo, wawili watatu, ambao unaweza kuwasomea mstari wakakwambia huu umekufa.

Na msidhani alikuwa hakosei. 1998 alicheza Antony kwenye Antony and Cleopatra ukumbi wa taifa London, pamoja na Helen Mirren, waigizaji wawili wakubwa kabisa, na wahakiki wakawachana vibaya. Alikuwa na miaka 52, ana BAFTA, ana Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa kucheza Rasputin, na bado anafungua gazeti anajisoma anasemwa ameshindwa. Baada ya hapo angeweza kubaki kwenye muvi, hela iko huko. Akarudi jukwaani, 2002 alikuwa Broadway tena na Lindsay Duncan wanacheza Private Lives, na akateuliwa Tony kwa mara ya pili. Oscar hakuwahi hata kuteuliwa maisha yake yote. Nalisema hilo kwa wale mnaohesabu tuzo.

Harry Potter wengi mmeiona, sitaielezea. Muvi 8, 2001 mpaka 2011, ye ndo Snape, yule mwalimu mkali, na mwandishi J. K. Rowling alimnong'oneza kitu kimoja kidogo kuhusu Snape mapema kabisa, wakati vitabu vya mwisho havijatoka, madairekta hawakijui na wenzake hawakijui. Akakibeba miaka yote hiyo. Rudi uziangalie za mwanzo ukiwa unajua mwisho, kila anapomtazama yule mtoto, Harry, kuna kitu nyuma ya macho. Sa mi nimekifanya hiki kuwa zoezi, na mtalifanya kwangu wote mkipenda msipende. Kila mhusika unayepewa, hata kama una mistari miwili, hata kama ni mlinzi wa geti, mpe siri moja ambayo humwambii mtu, mimi mwenyewe usiniambie. Mwaka juzi kuna kijana alicheza mlinzi, kazi yake ilikuwa kufungua geti mara tatu. Mara ya tatu alifungua taratibu na akabaki kashika komeo, na ukumbi mzima ukamwangalia yeye badala ya gari lililokuwa linaingia. Sijui siri yake ilikuwa nini mpaka leo.

Sasa nifike Nairobi.

Muvi ya mwisho ambayo Rickman anaonekana kwa sura yake ni Eye in the Sky, ya dairekta Gavin Hood, ilionyeshwa mara ya kwanza Septemba 2015. Hadithi ni ya Eastleigh, Nairobi, ingawa walishutia Afrika Kusini, na ukiwa mtu wa huku utaona baadhi ya mitaa haiko sawa, ila hilo niliache. Ye ni jenerali wa Uingereza, Frank Benson, yuko kwenye chumba cha mkutano London pamoja na mawaziri na wanasheria, kwenye skrini wanaangalia nyumba moja ya Eastleigh ambamo magaidi wanavaa mabomu, ndege isiyo na rubani iko juu inasubiri amri, na nje ya ukuta wa ile nyumba kuna mtoto wa kike, Alia, kaweka meza anauza mikate. Wakipiga, mtoto anakufa. Wasipopiga, watu wengi huenda wakalipuliwa.

Muangalieni Benson mle chumbani. Sehemu kubwa ya muvi amekaa kwenye kiti. Hana bunduki, hakimbii, hapigi meza, wanaongea wengine, waziri anataka apigiwe waziri mwenzake, mwanasheria anataka maelezo zaidi, na yeye anasikiliza. Na unaiona subira yake inaisha kidogo kidogo bila yeye kusema kitu, kwenye kope, kwenye namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema "waziri" kwa mara ya tano. Rickman alishawahi kusema anachotaka kukiona kwa muigizaji ni nguvu na usahihi wa kusikiliza kwake, na ile muvi ndo ushahidi. Mwanzoni mwa muvi ananunua mwanasesere wa kumpelekea mtoto, na anahangaika nao kwa sababu kakosea aina. Kitu kidogo vile. Halafu siku nzima anaamua kuhusu mtoto wa mtu mwingine, na wewe mtazamaji umeshamuona na mwanasesere mkononi. Kuna muigizaji Barkhad Abdi naye, anacheza jasusi, yuko mtaani, anajaribu kununua mikate yote ili yule mtoto arudi nyumbani, hawa wawili hawakutani hata sini moja lakini ni kama wanasikilizana kutoka London mpaka Eastleigh. Mi kile kipande nimekionyesha darasani mara nyingi na sijawahi kukizoea.

Alifariki tarehe 14 Januari 2016, kansa ya kongosho, ana miaka 69. Kati ya waliomlilia walikuwepo waigizaji wadogo kuliko yeye. Daniel Radcliffe, yule mtoto wa Harry Potter, aliandika kwamba Rickman alikwenda kuangalia kila mchezo wa jukwaani aliocheza, London na New York, na hakuwa amelazimika kufanya hivyo. Kila mchezo! Mtu mwenye ratiba ile anakata muda anakwenda kukaa kwenye viti kumsikiliza kijana aliyefanya naye kazi akiwa mtoto.

Kwa hiyo hili la mwisho mlijue kabisa. Mkianza kupangwa kwenye michezo, iwe kundi kubwa, iwe shule ya msingi, iwe ukumbi wa kanisa, nitumieni tu tarehe na saa. Nitakuja. Nitakaa nyuma, upande wa kushoto karibu na mlango, na ukiongea mistari yako huenda nisikuangalie sana, nitafumba macho nisikie. Nitafungua pale mwenzako anapoanza kuongea na wewe umenyamaza.